Maoni ya Watazamaji Kuhusu Kicheko Changu

Jumatatu, 20 Mei

Leo tumeanza kuchuma, upande wa juu unaopata jua mapema. Kahawa imezaa kuliko mwaka jana.

Naanza na daftari hili pia. Somoe, yule dada aliyeongoza filamu, alinipa siku ya kuagana akasema, "Mama, ukikaribia kujiona kwenye televisheni, andika. Ukishajiona utasahau ulikuwa mtu wa namna gani." Leo amepiga simu. Filamu itaonyeshwa sikukuu ya Idd, saa kumi alasiri. Basi niandike ni mtu wa namna gani.

Naitwa Tereza, mjane wa Stephano, umri wangu hamsini na nne. Nina mtoto mmoja, Kresensia, muuguzi huko Songea. Nalima hapa Kitura kwenye ntambo wa ukoo wa mume wangu, yaani mgongo mmoja wa mlima. Sisi tulipewa upande huu, kaka yake Stephano, shemeji Bartholomayo, akapewa upande ule, korongo likiwa katikati. Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango chetu. Stephano amefariki mwaka wa tisa huu.

Agosti iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu Ottilia kununua samaki Mbamba Bay. Tukakuta watu wa kamera wamechanganyikiwa, mama aliyekuwa aigize mjane ameugua ghafla. Somoe akanitazama mimi na kapu langu, akauliza, "Mama, unaweza kukataa samaki?" Nikamwambia nimekataa vikubwa zaidi ya samaki. Tulikaa kule siku kumi na moja.

Alhamisi, 23 Mei

Ukungu tangu asubuhi mpaka saa saba. Vidole havisikii.

Jumapili, 2 Juni

Ottilia ndiye kiongozi wa kwaya yetu, na leo baada ya Misa amesimama mbele akatangaza kama anatangaza upadirisho: "Dada yetu Tereza ataonekana nchi nzima!" Watu wakapiga makofi. Shemeji Bartholomayo mwenyewe alinishika mkono pale nje akasema, "Kumbe ukoo wetu una nyota." Alionekana amefurahi kweli.

Filamu inaitwa Mbasa wa Alhamisi. Ni hadithi nyepesi tu ya kufurahisha watu wakiwa na pilau mkononi. Mchuuzi wa samaki anampenda mjane anayeishi mlimani, kila Alhamisi anampandishia mbasa mmoja, na kila Alhamisi mjane anamrudisha na samaki wake. Mchuuzi ameigizwa na Bwana Masoudi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mbinga mjini, yule ambaye babu zake walitoka Kilwa. Naye aliokotwa kama mimi. Alikuwa amefuata mteja.

Jumanne, 11 Juni

Manyunyu. Mama Rodrick, mke wa Bartholomayo, amepita njia ya korongo na mzigo wa kuni, akanisalimia bila kugeuza shingo. Ephrasia ndilo jina lake, lakini sijawahi kumwita hivyo. Tangu nilipoolewa namjua kwa kubeba maneno ya nyumba hii kuyapeleka nyumba ile. Sina hamu naye.

Jumatatu, 17 Juni. Idd

Nimejiona.

Ghala la chama cha ushirika lilijaa mpaka mlangoni. Televisheni ya chama iliwekwa juu ya meza, watu wakakaa kwenye magunia, wazee wakapewa viti. Waislamu wachache wa hapa walileta pilau ndoo nzima. Mimi nilikaa benchi la pili kati ya Ottilia na ukuta.

Nilipotokea mara ya kwanza nikichota maharage, ghala zima lilipiga kelele hata sikusikia nilichosema. Alhamisi ya kwanza nikamrudisha mchuuzi. Alhamisi ya pili nikamrudisha. Ya tatu, akateleza kwenye tope na mbasa akaruka mpaka kwenye paa la kuku. Mzee mmoja aliyekaa mbele alicheka akakohoa, ikabidi apigwe mgongoni. Watu walianza kumtetea mchuuzi. "Mpokelee, mama!" "Angalau mkia!" Nami nilijisahau, nikawa namtazama yule mwanamke kama simjui, nikitaka apokee.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho. Mjane anatelemka mlima mwenyewe, sufuria kichwani, anamkuta mchuuzi ufukweni. Anamwambia, "Leo nimekuja kumpika samaki huku huku anakovuliwa." Mchuuzi anampa mbasa, na mdomoni mwa samaki kuna pete. Mjane anaivaa, anavua viatu, anaingia majini, mchuuzi anamshika mkono asianguke kwenye mawe. Halafu anacheka.

Sikuwa najua kwamba nacheka hivyo. Kichwa nyuma, mdomo wazi, mwili wote. Somoe alikiacha kicheko kile kirefu, bila muziki, mpaka filamu ikaisha.

Makofi yalianza, lakini katikati yake nikasikia kiti kikianguka. Bartholomayo alikuwa amesimama. Alinitazama, si kwa hasira niliyoizoea kwa wanaume, bali kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umevunjwa. Akatoka. Mama Rodrick akamfuata, kisha baadhi ya watu wa ukoo. Makofi yakapungua moja moja.

Ottilia alikuwa ameniachia mkono.

Jumanne, 18 Juni

Mashineni, wakati wa kumenya kahawa, kila mtu ana maoni. Mmoja anasema mjane alijishusha kumfuata mwanaume ziwani. Mwingine anasema alichelewa, angempokea Alhamisi ya pili. Dada mmoja alinong'ona, "Mimi nimelia." Nikamuuliza kilichomliza. Akasema hajui, akaendelea kuchambua.

Wanyamavu ndio walionisumbua zaidi. Walinipisha kwenye foleni kama mfiwa.

Alhamisi, 20 Juni

Redio imefungua simu saa nne asubuhi, watu watoe maoni kuhusu filamu. Niliisikiliza shambani, simu ikiwa mfukoni mwa sweta.

Wa kwanza, wa Kingerikiti, alisema mbasa yule alikuwa mdogo mno kwa posa. Wa pili, wa Mbamba Bay, alilalamika kwamba mchuuzi halisi hashiki samaki kwa mkia. Mama wa Namswea akasema filamu ni nzuri ila mwanamke wa umri ule angeshika rozari. Mwanaume mmoja, hakutaja anakotoka, akasema: "Yule mama si mwigizaji. Namfahamu. Kafiwa na mume, sasa kaolewa mbele ya watu wote, tena na Mwislamu. Ukoo wa mume umedhalilishwa."

Mtangazaji akacheka, akamshukuru. Sauti niliitambua. Ni mnywaji wa pombe ya komoni, rafiki wa Bartholomayo.

Nilimaliza mti niliokuwa nauchuma, nikaanza mwingine.

Jumamosi, 22 Juni

Mazoezi ya kwaya. Ottilia alinivuta pembeni kabla hatujaanza.

"Rafiki yangu, kesho usiimbe mbele. Kaa kidogo, mambo yapoe."

"Mambo gani?"

"Watu wanaongea, Tereza. Wanasema utaimbaje zaburi na mdomo ule ule."

"Na wewe unasemaje?"

Akapanga makaratasi ya nyimbo yaliyokuwa yameshapangwa. "Mimi ni kiongozi. Naangalia wote."

"Ulikuwepo ziwani, Ottilia. Wewe ndiye uliyenishikia viatu."

Nikamwambia kesho nitakaa na waumini, lakini sitanyamaza. Kuimba kutoka benchini hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Jumapili, 23 Juni

Nimeimba kutoka benchi la nne. Kwa nguvu.

Jumatano, 26 Juni

Ya leo niyaandike kwa mpangilio.

Nilifika shambani saa moja, ukungu bado mzito. Nikasikia watu upande wa chini. Nikakuta wanawake watatu wanachuma kahawa yangu, na Bartholomayo amesimama juu yao na fimbo.

"Shikamoo, shemeji," nikasema, maana ni mkubwa wangu.

"Marahaba, mama Kresensia."

"Hawa ni nani?"

"Vibarua wangu. Wametoka Namswea."

"Wamepotea njia. Shamba lako liko ng'ambo."

Akasema taratibu kabisa, kama mtu aliyejisomea nyumbani: "Shamba hili ni la marehemu mdogo wangu. Wewe ulilitunza kwa sababu ulikuwa mke wake. Sasa umevishwa pete, nchi nzima imeona. Mwanamke akiolewa kwingine, shamba linarudi kwenye ukoo. Sijaanzisha mimi."

"Nimeolewa wapi, shemeji? Nyumba iko wapi? Mume yuko wapi?"

"Sitaki kubishana na mtu wa televisheni."

Hapo mmoja wa wale vibarua akainua kichwa. Akanitazama, akampiga mwenzake kiwiko. "Ni yeye! Mama wa mbasa!" Akaweka chini ndoo, akanipa mikono yote miwili. "Mama, sisi tulikuangalia kwa jirani. Mwanangu mdogo sasa kila Alhamisi anauliza kama samaki amekuja." Wote watatu wakacheka, wakataka kujua pete ilikaaje mdomoni mwa samaki bila kuanguka.

"Ilifungwa kwa uzi," nikawaambia.

Bartholomayo akapiga fimbo chini. "Nimewaleta kuchuma!"

Wakarudi kazini, wameinamisha macho. Wana watoto, sikuwalaumu. Nilichukua ndoo yangu nikaingia mstari ule ule waliokuwepo, nikachuma bega kwa bega nao mpaka jioni. Kahawa waliyochuma wao Bartholomayo aliibeba. Niliyochuma mimi nimeibeba. Kesho nitarudi.

Miti hii tuliipanda mwaka niliomzaa Kresensia. Najua ule unaochelewa kuiva na ule uliopigwa na radi. Mtu anitoe hapa kwa kuwa nilicheka?

Alhamisi, 27 Juni

Nimerudi. Nao wamerudi.

Ijumaa, 28 Juni

Vivyo hivyo.

Jumamosi, 29 Juni

Saa tano bodaboda imesimama hapo nje. Akashuka mwanamke aliyevaa baibui, mrefu, ana kikapu. "Hodi! Mimi ni Mwanahawa, mke wa Masoudi."

Nikamkaribisha, nikampa kigoda, nikangoja matusi. Akavua viatu, akaangalia meza zangu za kuanikia kahawa, akaangalia kuku.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi, dada."

"Mume wangu tumeishi miaka ishirini na sita. Hajawahi kuniletea hata dagaa. Anasema harufu inaingia kwenye gari. Nimekuja kumwona mwanamke aliyemfanya Masoudi apande mlima na samaki."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Akacheka yeye kwanza.

"Usiogope. Nilikuwepo siku ile ya mwisho, nilikaa nyuma ya kamera na chupa ya chai. Nilimwambia akushike mkono vizuri, yale mawe yana ute." Kisha akaacha kucheka. "Nimesikia wanasema umeolewa na mume wangu. Wateja wananipa pole dukani. Nimechoka kupewa pole. Ukihitaji mtu wa kusema alichokiona, niite."

Aliniachia vitumbua. Alikataa kubeba maharage mpaka nilipoyafunga kwenye kikapu kwa nguvu.

Jumanne, 2 Julai

Mvua, na Julai si mwezi wake. Ilianza saa nane mchana bila dalili, kahawa yote ikiwa mezani. Nilikuwa peke yangu, nakimbia na turubai moja kwenye meza nne. Nikaona mtu anavuka korongo na turubai lingine kichwani, anateleza, anasimama, anakuja. Mama Rodrick. Tulifunika pamoja bila kusema, maji yakitutiririka shingoni. Tulipomaliza nikamwambia apite ndani akaukie.

"Sikai," akasema. "Hajui nimekuja."

Lakini bado alisimama mlangoni. "Ile sehemu unapomwambia yule mchuuzi, 'Sijasema sitaki, nimesema si leo.' Hayo maneno walikuandikia au uliyatoa kichwani?"

"Niliyatoa kichwani. Niliyoandikiwa niliyasahau."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyethibitisha jambo, akarudi kwenye mvua.

Ijumaa, 5 Julai

Barua imekuja yenye mhuri. Bartholomayo amenishtaki kwenye baraza la ardhi la kijiji. Tunakaa Alhamisi.

Nimempigia Kresensia. Alilia. Akasema, "Mama, njoo Songea. Nina chumba. Waachie mlima wao." Nikamwambia mlima si wao. Akasema watu kazini kwake wanamwonyesha kicheko changu kwenye simu zao, wamekikata kipande, wanatumiana.

"Wanasemaje?"

"Wengine wanakipenda."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nakuona mara ya kwanza, Mama."

Nimempikia nani leo? Mwenyewe. Ugali, maharage, nikamaliza sufuria.

Jumatatu, 8 Julai

Nimechuma. Vibarua wa Namswea hawakuja. Bartholomayo amechuma mwenyewe, peke yake, upande wa chini, na mgongo wake mbovu. Niliona anavyojishika kiuno. Nilimwona Stephano katika ule mgongo, nikachukia kwamba nilimhurumia.

Alhamisi, 11 Julai

Baraza lilikaa ghalani, maana televisheni iko huko. Wajumbe saba, wanaume wanne na wanawake watatu. Mwenyekiti ni Mwalimu Ignatio, aliyestaafu ualimu lakini hajastaafu kusahihisha watu. Alianza hivi: "Baraza hili halihukumu, linasuluhisha. Mlalamikaji, ushahidi wako ni upi?"

Bartholomayo akasema, "Ni ile filamu."

"Basi tutaiangalia. Hatuwezi kusuluhisha tusichokiona."

Bwana Masoudi na Mwanahawa walikuwa wamefika na filamu kwenye flashi. Ikawekwa. Baraza la ardhi likakaa kimya na kuangalia filamu ya mapenzi tangu mwanzo, saa moja na robo, madaftari magotini. Samaki aliporuka juu ya paa la kuku, mjumbe mmoja mwanamke akaficha uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Mwalimu akagonga kalamu mezani, lakini na yeye alikuwa ameuma midomo.

Pete ilipotokea Bartholomayo akasimama. "Hapo! Simamisha hapo!"

Ikasimamishwa. Mwalimu akauliza, "Huyu mwanamke kwenye picha anaitwa nani?"

"Tereza."

"Kwenye filamu anaitwa nani?"

"Kolumba."

"Na marehemu mume wa Kolumba?"

Bartholomayo akasita. "Wanamtaja Anselmi."

"Sasa baraza litakurudishiaje shamba la Anselmi, wakati Anselmi hajawahi kuishi Kitura?"

Watu walicheka. Mwanahawa akanyoosha mkono, akasema yeye ndiye mke wa huyo bwana harusi, alikuwepo, na pete ile ni ya kwake, hii hapa kidoleni. Wakacheka zaidi. Nilidhani tumemaliza.

Lakini Bartholomayo hakucheka wala hakukaa. Alisema kwa sauti ndogo, na ghala likanyamaza kumsikia. "Jina mlibadilishe mtakavyo. Endesheni mbele mpaka mwisho." Wakaendesha. Kikaja kicheko. "Hicho si cha Kolumba. Nimeishi ng'ambo ya korongo na huyu mama miaka thelathini. Mdogo wangu alipokuwa hai, huyu mama hakuwahi kucheka hivi hata siku moja. Nami nauliza. Alikuwa anangoja afe?"

Hakuna aliyenitazama. Hata Masoudi aliangalia viatu vyake. Nikaelewa kwamba hilo ndilo lililomwangushia kiti siku ya Idd, na kwamba anaamini.

Nikasimama. Sikuwa nimeandaa kitu.

"Shemeji amesema kweli. Kicheko ni changu. Sikuandikiwa. Stephano alikuwa mtu mwema na mkimya. Nyumba yetu ilikuwa ya kimya, nami niliipenda. Alipougua nilimwogesha miezi kumi na minne, na wewe shemeji uliniona. Alipokufa niliendelea kulima mashimo ya ngolo mlimani, kuchuma, kuimba misiba ya wengine. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama bado ninaweza kucheka, na mimi sikujiuliza. Samaki wa ziwa lile nimewala tangu utotoni, lakini sijawahi kuingiza mguu. Siku ile niliingia. Samaki wadogo wakaning'ata vidole. Nikacheka. Sikumcheka marehemu. Kama angekuwepo, ningemvuta aingie na yeye."

Nikawageukia wajumbe.

"Sitaomba radhi kwa kicheko. Kama kicheko kinahamisha shamba, basi baraza litangaze leo wanawake wote wa Kitura wafunge midomo. Watangulie hao wengine. Mimi sifungi."

Nilipokaa, mtu akasimama nyuma, karibu na magunia. Mama Rodrick.

"Kaa chini," Bartholomayo akamwambia.

"Nitakaa nikimaliza." Niliona pindo la khanga yake linacheza. "Mimi ni Ephrasia, mke wa mlalamikaji. Wiki ya Pasaka mume wangu alisema mezani kwamba atatafuta njia shamba la Stephano liwe la mtoto wetu Rodrick. Pasaka hapakuwa na filamu. Nilinyamaza. Filamu ilipokuja akasema njia imepatikana. Nikanyamaza tena. Rodrick anaendesha lori Makambako. Nimempigia, amesema hataki kahawa wala ugomvi."

"Ephrasia!"

"Na miche ile tuliipanda sisi wawili, Tereza na mimi. Kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Wanaume walikuwa kwenye komoni."

Mmoja wa wajumbe wazee akasema polepole, "Hiyo ni kweli. Nilikuwa nao kwenye komoni."

Wajumbe walitoka nje nusu saa. Walirudi na muhtasari. Shamba ni la Tereza na mtoto wake, Bartholomayo asiingize vibarua tena, na mimi nishauriwe kupima na kuchukua hati ya kimila kwa jina langu. Kabla Mwalimu hajafunga daftari, yule mjumbe aliyejificha kwenye khanga akasema, "Mwenyekiti, naomba iandikwe pia kwamba filamu imetufurahisha." Mwalimu alifikiri. Akaandika.

Jumamosi, 13 Julai

Ephrasia yuko kwangu. Alikuja jana na mfuko mmoja, akasema nyumbani kwake hakukaliki kwa sasa. Anakoroma. Leo nimemwambia kwamba miaka yote hii nilimwona mbeba maneno. Akasema, "Nilikuwa nayabeba kweli. Niliyapeleka ili wasije kuyatafuta kwako wenyewe." Sijui kama naelewa yote. Tulichuma pamoja.

Jumanne, 16 Julai

Bartholomayo amekuja mpaka mwisho wa uwanja, hakupita zaidi. Mkononi ana sweta la mkewe.

"Umesahau hili," akamwambia. "Kuna baridi."

Ephrasia akalivaa. "Nimesikia. Mstari wangu haujaisha. Nikimaliza nitakuja, na mezani nitaongea."

"Haya," akasema Bartholomayo. Alisubiri pale pale, amesimama, mpaka mstari ukaisha.

Jumapili, 21 Julai

Ottilia amekuja asubuhi na mapema kabla ya Misa. Alhamisi ni sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, na hakuna mwingine anayefika zile noti za juu. "Rudi mbele, rafiki yangu."

Nikamwambia nitarudi, lakini si kwa kuwa mambo yamepoa. "Sema mbele ya kwaya kwamba ulikosea."

Alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wote walisikia. Nimeimba. Urafiki wetu sijui utakuwa wa namna gani sasa. Nitaungoja, ila sitaufuata.

Jumatano, 7 Agosti

Uchumaji umeingia mwishoni, jua limeanza kuwa na ukali. Leo wapimaji wa kijiji wamekuja na Mwalimu Ignatio. Tulizunguka shamba lote kwa miguu, jiwe hadi jiwe. Karani aliuliza jina, nikalitaja. Akauliza hali ya ndoa, nikasema mjane. Akachungulia fomu akijizuia, kisha ikamshinda: "Mama, wa kweli au wa televisheni?" Nikamwambia aandike kwanza, maoni atayatoa baadaye.

Sheria inataka kila jirani atie saini kukubali mpaka. Upande wa korongo jirani ni mmoja tu. Bartholomayo alifika kwa wakati, amevaa koti la kanisani. Alitembea na wapimaji, na palipokuwa na jiwe lililozama kwenye majani, yeye ndiye aliyelionyesha. Alinyoosha kidole, bila maneno mengi. Lilikuwa hatua tatu zaidi upande wake kuliko nilivyodhani mimi.

Karani akaweka fomu juu ya mgongo wa ndoo, akampa kalamu. Bartholomayo akaishika, hakuandika. Akanitazama.

"Mama Kresensia, nikuulize mbele ya hawa. Na siku ukija kuolewa kweli?"

Ephrasia aliacha kuchambua kahawa.

"Nitakualika, shemeji," nikasema. "Uje mapema, ukae mbele."

Akainama, akatia saini.